Unamwambia Nani? Mazungumzo Kuhusu Sentensi ya Kwanza

"Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali nami."

Wasikilizaji wapenzi, ninyi mliowahi kupokea barua ya karatasi mmeshaitikia moyoni kabla sijamaliza. Aliyeandika kutoka Kigoma na aliyeandika kutoka Mombasa walianza vivyo hivyo. Aliyeshika kalamu mwenyewe na aliyemwomba mtoto wa jirani amwandikie walianza vivyo hivyo. Vijana waliokua na simu mkononi huicheka sentensi hii. Mimi naiheshimu. Itazameni vizuri: yupo anayesema, yupo anayeambiwa, upo umbali kati yao, na ipo hofu. Yote hayo yamekwishaingia kabla habari yenyewe haijaanza. Mwenye kufungua bahasha alijua tangu maneno ya mwanzo kwamba kuna mtu aliyekaa chini akamfikiria yeye.

Leo nataka tuzungumze juu ya namna ya kuanza: sentensi ya kwanza ya kisa cha maisha yako, au ya insha inayotoka kifuani mwako. Nimesoma visa vingi vya watu wa kawaida, vya wanafunzi, vya wauguzi, vya akina mama wanaoandika usiku watoto wakishalala. Jambo linaloniumiza ni kwamba mtu ana kisa kizito, kisa ambacho angekisimulia barazani kahawa ingewapoa watu mkononi, lakini akishika kalamu anaanza kama anayejibu mtihani. "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa liking'aa na ndege walikuwa wakiimba mitini. Niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikanywa chai." Au: "Kwa majina naitwa fulani, ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba." Au: "Wahenga hawakukosea waliponena." Au ile ya "Maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde." Kisa chenyewe kinakuja ukurasa wa pili, na wengi wetu ukurasa wa pili hatuufikii.

Tumeyatoa wapi haya? Shuleni. Nchini Kenya, mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na karatasi ya insha, na mara nyingi mtoto alipewa maneno ya kuanzia au ya kumalizia, yeye akajaza kilichobaki. Walimu wakawaandalia wanafunzi mianzo ya kukariri, yenye jua, majogoo, umande na methali, kwa sababu mapambo ya lugha yana alama zake. Huku Tanzania tukafundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na kwamba katika utangulizi unatoa maana ya kichwa cha insha. Ukiambiwa uandike juu ya ukame, unaanza: "Ukame ni hali ya kukosekana kwa mvua kwa muda mrefu." Siwalaumu walimu. Mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni anahitaji kitu ambacho kila mtoto anaweza kukishika na kupita nacho. Lakini mtihani una msomaji wa ajabu, msomaji anayelipwa asome. Msahihishaji hata akichoka ataendelea hadi nukta ya mwisho. Ukizoea kumwandikia huyo, unasahau kwamba wasomaji wengine wote duniani wana hiari.

Sisi wa redio tunalijua hili. Wewe unayenisikiliza sasa hivi pengine unakaanga samaki, pengine uko kwenye daladala na dereva ndiye mwenye redio. Huna deni kwangu.

Na wala hatukuhitaji redio itufundishe. Bibi aliyekaa na wajukuu gizani alianza kwa kuita. "Hadithi! Hadithi!" Akanyamaza. Wasipoitikia kwamba hadithi njoo, hakuendelea. "Paukwa!" Asiposikia "Pakawa!" alijua hadhira imelala. Mwanzo ule ulikuwa wa watu wawili: nusu ya fanani, nusu ya wasikilizaji, na kisa hakikufunguka mpaka nusu zote mbili zimetolewa. Tulipohamia kwenye karatasi tulibeba maneno ya fanani, yale ya hapo zamani za kale, tukaacha kuitikiwa. Kwenye karatasi sikusikii ukiitikia. Basi sentensi yangu ya kwanza lazima ifanye kazi ya ziada: ikufanye uitikie kimoyomoyo.

Hoja yangu ya leo ni moja. Kabla hujauliza "nianze kwa maneno gani?", jiulize "namwambia nani, na kwa nini namwambia leo?" Ukishajua hayo, sentensi ya kwanza huwa iko karibu. Usipoyajua, utapamba mpaka uchoke na bado itakuwa ya kukariri.

Yupo mwanamke mmoja wa pwani yetu ya kaskazini aliyelijua jambo hili kuliko mwandishi yeyote ninayemfahamu. Mwana Kupona binti Msham aliishi maeneo ya Lamu na Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Unguja. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Watu wengi wanaukumbuka utenzi ule kwa mafunzo yake ya ndoa, na wanabishana juu ya mafunzo hayo hadi leo. Mimi nataka muutazame mwanzo wake tu. Desturi ya tenzi ilikuwa kuanza kwa jina la Mungu, kisha sala juu ya Mtume, kisha mtunzi ajitambulishe na aeleze nia. Mwana Kupona hakuiacha desturi, jina la Mungu limo. Lakini kabla yake kuna wito. Anamwita bintiye asogee karibu, mtoto bado mdogo wa miaka. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia neno lililo jema. Anamwomba aje na wino na karatasi akae, kwani moyoni mna jambo anataka kumweleza.

Tafadhali, lipimeni hilo. Beti chache tu, na tumeshajua nani anasema, nani anaambiwa, kwa nini leo na si mwakani, na kwamba muda ni mfupi. Hajasema "ninakaribia kufa". Amesema ni mgonjwa mwaka mzima na hajapata kumwambia mwanawe neno. Anayemsikiliza anajumlisha mwenyewe, na akishajumlisha hawezi kuondoka. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Imepita miaka zaidi ya 160 na mimi nikiusoma mwanzo ule najikuta nimesogea, ingawa aliyeitwa si mimi. Ukimwita mtu mmoja kwa dhati, wengine wengi hugeuka. Ukiita kila mtu kwa jumla, nani atajua ameitwa? Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kule Vibambani, Tanga, alifuata njia hiyo hiyo: Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na taifa zima likasikiliza wosia wa nyumba moja.

Mfano wa pili ni wa mtu wa namna nyingine kabisa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mikono yake ilifanya mambo ambayo historia haiwezi kuyasamehe. Lakini aliacha maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, mzee akiwa bado hai huko Unguja. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu. Anaanzaje? Haelezi alivyozaliwa. Hahesabu ndugu. Anaanza akiwa na umri wa miaka 12, anaanza kwenda safari za karibu, biashara yake ni sandarusi. Basi. Utoto wote wa nyuma ameutupa. Mtu huyu alijiona kuwa ni safari na bidhaa, na sentensi yake ya kwanza ina safari na bidhaa. Hata ukimchukia, na sababu za kumchukia zipo, utakiri kwamba amejieleza alivyo tangu mstari wa kwanza, pengine kuliko alivyokusudia.

Hapo kuna funzo kwa sisi tunaoanza na "mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba". Kama kisa chako kinahusu kuwa wa tatu, kama ulivaa nguo zilizovaliwa na wawili kabla yako na hukuwahi kusikia harufu ya shati jipya mpaka ulipoajiriwa, basi anzia hapo, tena anzia kwenye shati. Kama hakihusu, idadi ya ndugu zako tutaijua tukiwahitaji.

Sasa tushike kisa kimoja tukifanyie kazi. Nimekitunga mimi kwa ajili ya mazungumzo haya, ila wakazi wa Dar es Salaam watakitambua. Kijana anataka kuandika juu ya nyumba yao iliyobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Anaanza hivi: "Ulikuwa mwaka ambao sitausahau maishani mwangu. Serikali iliamua kupanua barabara na nyumba nyingi zilibomolewa, ikiwemo ya kwetu. Jambo hilo lilituhuzunisha sana." Hakuna uongo hapo, na sarufi ni safi. Lakini sioni ukuta, sioni mtu. Tena ameniamuru nihuzunike kabla hajanipa cha kuhuzunikia.

Tumuulize: unamwambia nani? Anafikiri, anasema: mdogo wangu. Alizaliwa nyumba imeshavunjwa, hajapata kuiona. Na kwa nini leo? Kwa sababu bibi amefariki mwezi uliopita, na bibi ndiye aliyekuwa akimsimulia habari za nyumba ile. Mnasikia? Tayari kuna kisa. Dakika mbili zilizopita tulikuwa na taarifa ya barabara, sasa tuna ndugu wawili na mzee ambaye hayupo. Tumwambie aandike upya, na safari hii aanze na bibi.

"Alama ya X waliipaka kwa rangi nyekundu chini ya dirisha la bibi, na bibi, asiyejua kusoma, akatuambia ni watu wa sensa."

Watu wa sensa nao hupita wakiandika alama zao kwenye nyumba, kwa hiyo bibi hakuwa mjinga, alikuwa anafikiri sawasawa kwa alichokijua. Sisi wasomaji tunajua maana ya X nyekundu. Yeye hajui. Katika pengo hilo kati ya tunachokijua sisi na anachokijua bibi, ndipo msomaji anaposhikwa. Anataka kujua nani alimwambia, na lini, na alisema nini. Neno huzuni halijatajwa, na halihitajiki.

Au angeweza kuanza hivi: "Mdogo wangu, dirisha la bibi lilikuwa hapa yanapopita mabasi ya mwendokasi." Huu ni mwanzo mwingine na utazaa kisa kingine. Ule wa kwanza unatuweka pamoja na bibi siku asiyojua. Huu wa pili unatuweka na mtoto anayenyooshewa kidole mahali pasipo na kitu. Watu huniuliza upi mzuri zaidi. Swali hilo halina jibu mpaka useme unamwambia nani. Akitaka mdogo wake amjue bibi, achague wa kwanza. Akitaka ajue mahali walipotoka, achague wa pili.

Nitaingia kidogo kwenye sarufi, msinikimbie, kwa sababu hapa Kiswahili kimetupa vifaa ambavyo tunaviacha vishike kutu. Rudini kwenye "alama ya X waliipaka". Lugha yetu inaturuhusu kumtanguliza mtendwa, kisha kitenzi kinamkumbuka kwa ile -i- iliyo katikati. Maana yake ni kwamba kitu kinachouma kinaweza kuwa neno la kwanza kabisa, bila kulazimisha chochote. Mtu anayeandika juu ya mama yake ataanza: "Mama yangu alikuwa mwanamke mchapakazi sana." Kila mama ni mchapakazi. Lakini sikiliza: "Vitumbua vya alfajiri mama aliviuza vyote isipokuwa viwili, na hivyo viwili hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa." Vitumbua vimekuja mbele, na ule upatanisho wa vi- umepita sentensi nzima kama mapigo ya ngoma, viuza, vyote, viwili, hivyo, vigusa, mpaka sikio linajua kwamba hapa kuna kitu kimoja cha kuangaliwa. Na tayari msikilizaji anauliza: viwili vya nani? Uchapakazi wa mama utaonekana wenyewe baadaye, kwa jinsi anavyoamka.

Kuna pia -ka- ya masimulizi. Mwalimu alikufundisha kwamba haianzi sentensi ya kwanza, sharti itanguliwe na -li-. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo ukiianzisha makusudi, ina nguvu. "Akanipa ufunguo, akaniambia nisimwonyeshe baba." Msomaji anahisi amechelewa kufika, kuna jambo limeshatokea kabla hajakaa, anaharakisha. Itumie mara chache. Mwenye kuanza hivyo kila kisa anakuwa kama mgeni anayeingia bila hodi kila siku, mwishowe wenyeji watafunga mlango.

Tukitoka kwenye kisa tukaingia kwenye insha, mambo hayabadiliki sana. Insha ya mtu binafsi ina hoja, na wengi hudhani hoja lazima ianze na maana ya neno. "Kisukari ni ugonjwa unaosababishwa na..." Hayo yako kwenye kipeperushi cha zahanati, na yaliandikwa vizuri na wenye ujuzi wao. Wewe uliyeuguza una nini ambacho kipeperushi hakina? "Sukari ya baba waliigundua sisimizi kabla ya daktari." Damu ikizidiwa na sukari, figo huipitisha kwenye mkojo, na pale mzee alipojisaidia usiku nje ya nyumba, asubuhi sisimizi wamejaa. Wazee wengi wa vijijini waliujua ugonjwa kwa dalili hiyo. Baada ya sentensi hiyo unaweza kwenda popote: umbali wa hospitali, bei ya kupima, aibu ya kumwambia mzazi ulichokiona nje ya nyumba. Msomaji atakuja nawe kwa sababu ulimpa jambo uliloliona kwa macho yako kabla ya kumpa fikra.

Shaaban Robert alilichukulia jambo la insha kwa uzito kiasi cha kuwaandikia Waswahili kitabu kizima, Kielezo cha Insha, kilichotoka mwaka 1954. Laiti vijana wa leo wangekitafuta, si kwa kukariri, bali waone mtu mzima anavyoheshimu fikra zake mwenyewe. Na kabla ya sentensi ya kwanza kuna jina la kazi, ambalo nalo ni mwanzo. Marehemu Ken Walibora, aliyetuacha mwaka 2020, aliipa tawasifu yake jina la Nasikia Sauti ya Mama. Jina lenyewe limeshaanza kusimulia: yupo mtu, anasikia, na anasikia sasa hivi. Kama angeiita Historia ya Maisha Yangu, nani angeinua shingo?

Sasa niseme juu ya mianzo inayonikasirisha, maana ipo. Wa kwanza ni ule wa mtego. "Bastola ilikuwa imeelekezwa kwenye paji la uso wangu. Nilifumba macho." Unasoma roho juu, kisha aya ya tatu: kumbe ilikuwa ndoto. Msomaji aliyetapeliwa mara moja hatakuamini utakapofika kwenye ukweli wako, na ukweli wako ndio uliokufanya uandike. Ukianza kwa sauti kubwa, kisa kiwe na ukubwa huo. Kama ni kidogo, anza kwa sauti yake. Visa vidogo si haramu.

Wa pili unaniuma zaidi. Siku hizi mtu anasikia kwamba sentensi ya kwanza lazima "imshtue" msomaji, basi anachukua aibu ya mwenzake na kuitundika mlangoni. Ulevi wa mume, ugonjwa wa dada, mimba ya binti wa kaka. Watu hao wako hai, wana majirani, wana watoto watakaosoma. Sisi tumelelewa na sitara, na sidhani kwamba uandishi unatuvua sitara. Hapo pia swali lile linasaidia: namwambia nani? Kama huwezi kuisoma sentensi hiyo mbele ya mtu unayemtaja, au mbele ya mama yake, ipumzishe. Sisemi ukweli ufichwe. Mwanamke aliyeteseka ana haki ya kusema. Nasema anaweza kusimama mahali pake mwenyewe na kusema alichokiona yeye: "Hatua za mume wangu nilizijua tangu kwenye kona ya msikiti, na kwa hatua tu nilijua kama watoto walale au wasubiri." Hakutaja pombe. Hakutukana. Lakini kila mwanamke aliyeishi nyumba ya namna hiyo ameshaelewa, na hadhi ya msimulizi imebaki palepale ilipokuwa.

Na methali? Nazipenda, nimelelewa nazo. Shida yake mwanzoni mwa kisa ni kwamba methali imeshafika mwisho. Ni hukumu iliyotolewa na watu wengi kwa miaka mingi, na wewe ukianza nayo umetuambia kisa chako kitathibitisha tulichokuwa tukikijua. Iko namna moja ninayoikubali, nayo ni pale maisha yako yanapobishana na msemo. "Mama aliyenilea ni wa kambo, na yote yasemwayo juu ya mama wa kambo sikuyaona kwake." Hapo msemo umeitwa shaurini, na msomaji atakaa asikilize kesi.

Mnaniuliza mara kwa mara: sentensi hiyo naipata lini? Najibu kwa ninavyofanya mwenyewe. Mwanzo huuandika mwishoni. Kwanza namwaga yote, na jua, na mswaki, na chai, bila kujizuia, kwa sababu mkono unahitaji kupasha moto. Kisha nasoma kwa sauti kuanzia juu, polepole, nikitafuta mahali ambapo sauti yangu mwenyewe inabadilika. Mwanzo uko hapo. Mara nyingi ni aya ya tatu au ya nne, mara nyingine ni mstari uliojificha katikati ya maelezo, pale ulipoacha kuandika vizuri ukaanza kusema kweli. Yote yaliyo juu ya mstari huo yakate. Inauma, hasa kama kulikuwa na tashbiha uliyoipenda. Ukikuta baadaye kwamba kuna jambo la lazima umelikata, kama jina la kijiji au mwaka, litarudi lenyewe mahali pake.

Halafu mtafute mtu. Simaanishi mhariri, simaanishi mwalimu. Shangazi anayechambua mchicha anafaa kabisa. Msomee sentensi moja tu, kisha nyamaza. Akisema "vizuri", hujafika. Akisema "hongera, Kiswahili chako kizuri", uko mbali zaidi. Akiacha mkono juu ya mchicha akauliza "Ikawaje?", funga daftari ukalale, mwanzo umeupata. Hiyo "ikawaje" ndiyo ile "hadithi njoo" ya zamani, imerudi kwa mlango wa pili.

Kwa wale mnaoandika kwa simu, mnaoandika kwa ajili ya magazeti, na ninyi walimu mtakaoingia darasani Jumatatu, nina ombi. Mwalimu, usiwape watoto mwanzo wa kukariri. Wape mtu wa kumwambia: aandike kwa babu aliyeko kijijini, kwa rafiki aliyehama shule, kwa mtoto atakayemzaa. Utaona jua na majogoo vinavyoondoka vyenyewe.

Na kwenu nyote wengine, nyumbani mwenu kuna mzee mwenye kisa ambacho hakijaandikwa. Pengine ni cha kazi ya mkonge Tanga, pengine ni cha kuvuka Ziwa Tanganyika usiku na mtoto mgongoni, pengine ni cha reli, cha operesheni vijiji, cha ndoa. Mkalie karibu wiki hii, muulize jambo moja tu, washa kinasa sauti cha simu, na umwache aanze mwenyewe. Usimsahihishe, usimrudishe kwenye mwaka aliozaliwa. Kisha liandike neno lake la kwanza kama alivyolitamka, pamoja na jina lake, mahali na tarehe, na mwekee nakala mtoto mmoja wa ukoo wenu anayejua kusoma.